Mtafiti wa kipindupindu na maswali yake kwa mtu asiyeumwa

Swali la msomaji

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama lishe, nauza wali, ugali na dagaa karibu na mwalo, kando ya Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kilipoingia mtaani kwetu walikuja vijana na vishikwambi, wakanikalisha karibu saa nzima: nimekula nini juzi, nachota maji wapi, choo changu kikoje. Mimi siumwi. Jirani yangu, naye mzima, wakamuuliza vilevile. Dawa hawakuleta. Siku mbili baadaye vibanda vyote vya chakula vikafungwa, na yale majibu tuliyotoa hatukuyasikia tena. Naomba kujua, mtafiti wa magonjwa ya mlipuko kazi yake hasa ni nini, na sisi tunaoulizwa tunapata nini?"

Jibu

Marahaba, dada, na pole sana. Kufungiwa kibanda si jambo la kumwambia mtu avumilie kidogo. Mchele wa mkopo unadai, nyanya zinaoza, na kesho asubuhi mtoto anataka nauli ya shule. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka 20, sehemu kubwa kwenye miji ya kando ya maziwa kama huo wa kwenu, na swali lako nimeulizwa milangoni, kwenye mabaraza, mara moja hata msibani. Mara nyingi nilijibu harakaharaka kwa sababu gari lilikuwa linasubiri. Leo acha nikae.

Nianze na dawa, maana hasira huanzia hapo na ni haki yenu. Kipindupindu huua kwa kumkausha mtu. Mtu mzima aliyebanwa vibaya anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa, choo kikitoka cheupe kama maji yaliyooshewa mchele, na akicheleweshwa anaweza kufa siku hiyohiyo aliyoanza kuugua. Dawa yake kubwa ni kumrudishia maji na chumvi: ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kwa anayeweza kunywa, dripu kwa aliyelegea. Kiasi cha wagonjwa wanane katika kila kumi hupona kwa ORS peke yake, na panapokuwa na huduma nzuri vifo havifiki mmoja katika kila wagonjwa mia. Kazi hiyo ni ya madaktari na wauguzi walioko kambini, pale wanapolazwa wagonjwa wa kipindupindu, na ndio wanaopaswa kupelekewa vitu kwanza. Sisi tunaotembea na dodoso ni kundi jingine. Wao wanamhangaikia aliyekwisha kuugua, sisi tunamtafuta atakayeugua keshokutwa, tumwahi kabla hajanywa kile kitakachomwangusha. Kama mtaani kwenu mliliona dodoso kabla ya kuiona ORS, basi mpangilio ulikuwa mbaya na una haki ya kulalamika.

Ila hata hiyo ORS iliaminiwa kwa sababu kuna mtu aliyehesabu. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa Bangaon upande wa India na kipindupindu kikawafuata. Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu. Akachanganya chumvi, glukosi na magadi ya kupikia katika maji, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa mia vilishuka chini ya vinne. Wakubwa wengi wa tiba wakati huo waliamini kwamba bila sindano hakuna kupona. Hesabu zile ziliwabadilisha.

Turudi kwetu. Kazi ya mtafiti haianzii mlangoni kwako, inaanzia kwenye daftari la kambi. Nadhani hujawahi kuliona. Ni daftari kubwa la kawaida, kurasa zake zimekunjamana kwa unyevu wa klorini, wino umesambaa, na usiku muuguzi mmoja analiandika kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika taa. Jina, umri, mwanamke au mwanamume, mtaa, siku aliyoanza kuharisha, siku aliyofika, amepona au amefariki. Mimi jicho langu huenda kwanza kwenye siku aliyoanza kuharisha. Siku aliyofika kambini hainisaidii sana, kwa sababu mwingine alikaa nyumbani kwa aibu na mwingine hakuwa na nauli. Kutoka bakteria kuingia mwilini hadi mtu aanze kuharisha hupita kati ya saa 12 na siku 5. Kwa hiyo nikiijua siku ya kuanza, narudi nyuma siku hizo chache, na humo ndani ndimo ulimo mlo au maji yaliyomwambukiza. Ndiyo maana waliuliza ulikula nini juzi, leo hawakuitaja.

Halafu nachora vijiti: kila mgonjwa kijiti kimoja juu ya siku yake. Vijiti vikipanda kwa ghafla siku moja au mbili kisha vikaporomoka, watu wengi walikula au kunywa kitu kimoja kwa wakati mmoja, pengine shughuli ya msiba, pengine kisima kimoja. Vikipanda taratibu na kukataa kushuka, ama kuna maji yanayoendelea kuchafuka kila siku, ama ugonjwa unapita mkononi, nyumba kwa nyumba. Kisha mitaa inawekwa kwenye ramani. Kuna usiku nimekaa na ramani iliyochorwa kwa kalamu nyuma ya kalenda ya ukutani, na bado ikatuonyesha njia.

Upande wa maabara nitaupita haraka, ingawa kuna jambo moja hunisisimua hadi leo. Choo cha mgonjwa hupakwa kwenye sahani ya rangi ya kijani kibichi, ikawekwa mahali pa joto usiku kucha. Asubuhi ukifungua, kama ni kipindupindu, unakuta vidoto vya njano, vimezagaa kama chavua. Hapo huwa sina budi kunyamaza kidogo. Usiku mzima tulikuwa tunasema "inadhaniwa", sasa tunasema "ni".

Sasa lile swali lenyewe: kwa nini wewe, mzima, uliulizwa?

Tuchukue mfano, na namba hizi ni za kufundishia tu. Tuseme wagonjwa 40 wamehojiwa kambini, na 30 kati yao walikula kwa mama lishe wa mwaloni. Ukisikia hivyo, masikio yanasimama. Watu 30 katika 40! Mwenyekiti wa mtaa anapiga meza, vibanda vifungwe. Lakini subiri. Tukienda kwa wazima 80 wa mtaa huohuo, tukakuta 60 nao walikula pale pale, chakula hicho kimeshajitetea. Katika kila watu wanne, watatu wanakula mwaloni, awe ameugua au hajaugua, kwa sababu mwaloni ndipo watu wanapokula. Tukiuliza habari ya maji, mambo yanageuka: wagonjwa 36 kati ya 40 walikunywa maji ya ziwani bila kuyatibu, na katika wale wazima 80 ni 24 tu. Hapo ndipo pa kushika.

Unaona, dada, aliyenionyesha hivyo ni mzima. Mgonjwa peke yake ananiambia alichokula. Ni jibu la mtu ambaye hakuugua linaloniambia kama kile chakula kina hatia. Yule kijana aliyekukalisha saa nzima alikuwa anakusanya utetezi wako, na kama hakukuambia hivyo alikosea, maana ulikuwa na haki ya kujua.

Njia hii ina umri mrefu. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa mmoja wa London, kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street. Daktari John Snow anakumbukwa kwa kushawishi mpini wa pampu ile ung'olewe. Mimi humsifu zaidi kwa jinsi alivyowashangaa wazima. Karibu na pampu palikuwa na kiwanda cha pombe chenye wafanyakazi wapatao 70, na hakuna aliyekufa kwa kipindupindu. Akaenda kumuuliza mwenye kiwanda, akaambiwa hawa wanapewa bia, na kiwanda kina kisima chake. Jirani tu palikuwa na nyumba ya maskini yenye watu 535, wakafa watano, wakati nyumba zilizoizunguka zilikuwa zinazika kila siku. Nao walikuwa na kisima chao.

Mfano wa pili ni wa jikoni, utaupenda. Guinea-Bissau, Afrika Magharibi, miaka ya 1990, watafiti walifanya hivyohivyo: waliougua pembeni, wasiougua pembeni, maswali yaleyale. Wali wanakula wote. Tofauti ikajitokeza kwenye mchuzi. Wasiougua walikuwa na kawaida zaidi ya kukamulia ndimu. Watafiti hawakuishia hapo, wakaupeleka mchuzi maabara, wakaona kweli bakteria wa kipindupindu hushindwa kustawi penye uchachu wa ndimu. Jambo hilo lisingejulikana kama wangewauliza wagonjwa peke yao. (Usije ukaacha klorini ukategemea ndimu. Kamulia, ni nyongeza nzuri, ila maji ya kunywa yanataka kutibiwa.)

Na sasa niseme la kwangu, kwa sababu umeniandikia kama mtu mkweli.

Miaka yangu ya mwanzo nilitumwa kwenye mji mmoja ambao sitautaja. Wagonjwa walikuwa wanaingia kwa mikokoteni usiku na mchana, na kila mkubwa alitaka jibu kabla ya jua kuzama. Tukawahoji wagonjwa peke yao. Karibu wote walikuwa wamekula kwa mama lishe wa stendi. Nikaandika hivyo, kwa maandishi yangu mwenyewe, na kesho yake mgambo wakavunja vibanda. Wagonjwa hawakupungua. Wiki ikapita, wanaingia tu. Ndipo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akanisogelea kambini akaniambia: "Mwanangu, mimi pia nilikula stendi wiki ile. Mbona hukuniuliza?" Sikuwa na jibu. Tukaanza upya na wazima, na siku tatu baadaye ikawa wazi: bomba lilikuwa limekauka, vijana wa mikokoteni walikuwa wanachota maji ziwani alfajiri na kuyauza kwa madumu, na walionunua madumu hayo ndio waliokuwa wanaanguka. Klorini ikapelekwa pale pale vijana wanapochotea, kipimo kwa kila dumu, na vijiti vikaanza kushuka. Nilikwenda stendi kuwaomba radhi wale akina mama. Wawili niliwakuta. Wa tatu alikuwa ameuza masufuria akarudi kijijini kwao. Tangu hapo sijawahi kukubali kuandika neno juu ya chakula cha mtu kabla sijaongea na wazima, hata anayenisukuma awe mkubwa kiasi gani.

Habari ya bomba kukauka isikupite, maana kwenye ziwa lenu imepimwa kwa namna ninayoiona ni ya kupigiwa mfano. Ng'ambo ya kaskazini, mji wa Uvira huko Kongo, watafiti walichukua madaftari mawili ambayo kila moja lilikuwa limekaa kwenye rafu yake bila kujua habari za mwenzake. La kwanza ni la mtambo wa maji: kila siku zimesukumwa lita ngapi mjini. La pili ni la kituo cha matibabu ya kipindupindu: kila siku wameingia wagonjwa wangapi. Wakayaweka sambamba, kuanzia mwaka 2009 hadi 2014. Ikaonekana kwamba siku ambayo maji ya bomba yanakosekana kabisa, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaongezeka kwa asilimia 155, yaani wanapita maradufu. Umeme ukikatika, pampu inasimama, watu wanashuka na ndoo ziwani, na baada ya siku chache vitanda vinajaa. Kila mama wa Uvira alikuwa anayajua haya kwa macho yake. Lakini "tunajua" ya akina mama haisainiwi hundi. Asilimia 155 mezani kwa anayegawa fedha za mabomba ni kitu asichoweza kukizunguka kwa urahisi, na ikitokea mtu akuulize mtafiti ana faida gani, mwonyeshe hiyo.

Kazi nyingine ni kufuatilia ugonjwa umetoka wapi, na hapa panahitaji adabu, kwa sababu ni rahisi kugeuka kunyoosheana vidole. Kwetu pwani ilianza mapema. Kipindupindu kilipoifikia Unguja mwaka 1869, James Christie, Mskoti aliyekuwa daktari Zanzibar, alikaa na watu wa misafara akawauliza mmoja mmoja: ulikikuta wapi, mwezi gani? Kwa majibu yao akaichora njia yake kutoka pande za Bahari ya Shamu, ikapita nchi ya Wamasai, ikashukia Pangani, ikavuka hadi kisiwani. Ilikuwa bado zaidi ya miaka kumi Robert Koch amtambulishe bakteria mwenyewe kwa ulimwengu. Hakuwa na sahani ya kijani, alikuwa na wasafiri waliokubali kukumbuka.

Siku hizi tunasoma vinasaba vya bakteria. Utafiti uliotoka mwaka 2017 ulilinganisha sampuli 1,070 kutoka nchi 45 za Afrika, za karibu miaka 50, ukaonyesha kwamba tangu 1970 aina ya kipindupindu inayozunguka sasa imeingizwa barani angalau mara 11, asili yake ikiwa Asia. Nalitaja hili kwa sababu nimeona watu wakitukanwa kwamba ugonjwa umezaliwa na uchafu wao. Bakteria huyu ni msafiri. Anafika na watu, kisha anakaa pale alipokuta maji na choo vimeshikana mikono. Uchafu wa mtaa haukumzaa, umempokea, na aliyeacha mtaa bila mfereji na bila bomba mara nyingi haishi mtaani.

Na wakati mwingine wananchi ndio wanaotangulia kujua. Haiti, mwaka 2010, watu wa kando ya mto karibu na Mirebalais walisema tangu mwanzo kwamba maji machafu ya kambi ya walinda amani kutoka Nepal yanamwagika mtoni. Wakubwa wengi walisema huu si wakati wa kutafuta chanzo. Mtafaransa Renaud Piarroux, ambaye kabla ya hapo alikuwa amekifuatilia kipindupindu Kongo, alitembea vijijini, akapanga wagonjwa kwa siku na mahali, na ramani ikamrudisha kwenye kambi ileile. Watu wapatao 10,000 walikufa kwa miaka iliyofuata. Umoja wa Mataifa uliomba radhi mwaka 2016. Miaka sita, dada. Lakini bila yale maswali ya vijijini sidhani kama radhi ile ingeombwa.

Umeuliza mnapata nini. Wakati mwingine kinachopatikana ni chanjo iliyothibitishwa. Mwaka 2009 huko Zanzibar chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilitolewa katika shehia sita za Unguja na Pemba, na karibu watu 24,000 wakapata dozi zote mbili. Watafiti wakakaa kuhesabu walioingia hospitali baadaye, waliochanjwa na wasiochanjwa. Chanjo ilikinga kwa asilimia 79, na hata majirani ambao hawakunywa walinufaika, kwa kuwa waliowazunguka hawakuambukiza. Hapo tena, aliyehesabiwa akiwa mzima ndiye aliyetupa jibu.

Lakini kuna deni, na hili ndilo linaloniuma zaidi katika barua yako: majibu hamkuyasikia tena. Sina cha kuwatetea wenzangu. Mtafiti anachukua saa yako, anaandika choo chako kikoje, habari ambayo usingemwambia hata wifi yako, kisha anaondoka. Taarifa inakwenda wilayani, mkoani, wizarani, baadaye inachapishwa kwa lugha ambayo mwalo mzima hausomi. Nami nimefanya hivyo. Siku hizi nina utaratibu ambao siuvunji: kabla timu haijaondoka tunaomba mtendaji aitishe mkutano, shuleni au uwanjani, tunabandika karatasi kubwa za manila, vijiti vya wagonjwa juu, ramani chini, tunasema kwa Kiswahili tulichokikuta na tusichokikuta. Huwa ni mkutano mgumu. Watu wanauliza, wanakataa, wanasahihisha. Siku moja mama mmoja alisimama akaniambia kisima nilichokiandika "cha mtaa" kina mwenyewe, na mwenyewe analipisha, ndiyo sababu maskini hawakuchota pale. Katika dodoso letu lote hapakuwa na swali la bei. Tuliliongeza usiku uleule.

Kwa hiyo wakija tena, waulize kabla hawajakuuliza. Unatoka ofisi gani, kiongozi wako nani, majibu yangu yataandikwa kwa jina au kwa namba, yatasomwa lini hapa mtaani na nani atayasoma. Kama ni utafiti, wana wajibu wa kukuomba ridhaa, na ukisema hapana hakuna anayeruhusiwa kukunyima matibabu kwa sababu hiyo. Na kwa hao waliopita, nenda na wenzako wawili watatu kwa mtendaji, mwambieni mnaomba matokeo ya mahojiano ya mlipuko, mtaa kwa mtaa. Msiende na ugomvi. Nendeni na tarehe waliyokuja, kwa maandishi.

Kuhusu kibanda chenyewe, nitakueleza ninavyoona, na sitakupaka mafuta. Kufunga vibanda vyote kwa mkupuo bila kulinganisha wagonjwa na wazima naona ni kosa, na mara nyingine kunaongeza hatari, kwa sababu watu wa mwaloni watakula tu, na wataishia kula viporo. Lakini chakula si malaika. Wali unaotoka jikoni ukifuka moshi hauna shida. Wali uleule ukikaa sufuriani umepoa kuanzia mchana hadi usiku, ukaguswa na mkono au kijiko kilichooshwa kwa maji ya ziwani, bakteria anaongezeka ndani yake vizuri sana. Kachumbari iliyooshwa kwa maji yasiyotibiwa ni hatari kuliko dagaa wako wa kukaanga. Jagi la maji ya kunywa linalozunguka mezani, watu wakichovya kikombe, ndilo ninaloliogopa kuliko vyote kwenye kibanda. Na ndoo ya kunawia bila sabuni ni ya kuwazugia wakaguzi.

Ukitaka kuomba kufunguliwa, usiende mikono mitupu. Nunua ndoo mbili zenye koki na mfuniko, moja ya kunawa na moja ya kunywa, ili asiwepo wa kuchovya. Ya kunywa itibu kwa klorini kila asubuhi na usubiri nusu saa kabla ya kumpa mtu. Pika kidogo mara mbili badala ya kingi mara moja, kisilale. Kisha mwombe afisa afya aje na kile kipimo chao kidogo: atachukua maji yako kwenye kichupa, atatia kidonge, atatikisa. Maji yakigeuka waridi, klorini ipo. Atalinganisha na rangi za pembeni akusomee, na isiwe chini ya miligramu 0.2 kwa lita. Yakibaki meupe, ongeza dawa, mpime tena.

Siku atakayokuja, lile daftari lako la madeni ligeuze uanze ukurasa wa nyuma. Andika tarehe, saa, maji yametoka wapi, rangi iliyoonekana, na umwombe aweke sahihi yake. Fanya hivyo kila anapopita, na siku bomba linapokauka andika pia. Wakija tena vijana wenye vishikwambi, wafungulie ukurasa huo kabla hawajakaa.